Tumemfunika Teresa kwa Maua



Mama mmoja alinijia asubuhi moja baada ya Misa, kanisa likiwa limekwisha kuwa tupu. Alikaa kwenye benchi la mbele, mikono mapajani, akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Padre, nasali lakini sisikii kitu. Tangu nilipomzika mwanangu, nikisema Baba Yetu ni kama nasema na ukuta." Kabla sijamjibu aliongeza neno lililoniumiza kuliko lile la kwanza. Alikuwa amekwenda kuomba msaada kwenye kikundi fulani cha sala, na huko akaambiwa kwamba ukavu huo ni dalili ya imani iliyokufa. Kwamba mwenye Roho Mtakatifu husikia moto moyoni na machozi humtoka. Kwamba huenda amefungwa na roho ya giza, naye hana budi kufunga siku 21 na kuleta sadaka ili kifungo hicho kikatwe.

Shingoni alivaa medali ndogo ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Nikamwuliza kama anamfahamu huyo aliyemvaa. Akajibu, "Si yule wa maua, Padre? Wa mambo madogo madogo."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike tafakari ya juma hili. Yule wa maua! Mama amefiwa, anatembea gizani, na shingoni kwake ananing'inia mtakatifu ambaye kwa mwaka mmoja na nusu alitembea katika giza hilohilo, akafia humo, akiwa bado anampenda Mungu. Naye hajui. Hajui kwa sababu hakuna aliyemwambia. Sisi mapadre kila ifikapo tarehe 1 Oktoba tunahubiri juu ya maua ya waridi, na mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka mingi, nikidhani nimehubiri. Basi leo nasema wazi, na atakayekasirika na akasirike: tumemfunika Teresa kwa maua, na kwa kumfunika tumewanyang'anya wenye majonzi rafiki waliyepewa na Mungu. Na mahali pale tulipoacha wazi wameingia wafanyabiashara wa hisia.

Hebu tumtazame upya. Marie-Françoise-Thérèse Martin alizaliwa Alençon, Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873. Wazazi wake, Louis na Zélie, walizaa watoto tisa, wakazika wanne. Hao ndio wazazi ambao Papa Fransisko aliwatangaza kuwa watakatifu, mume na mke pamoja, tarehe 18 Oktoba 2015. Teresa alikuwa na miaka minne tu mama yake alipofariki kwa saratani ya titi, mwezi Agosti 1877. Familia ikahamia Lisieux. Dada yake Pauline, aliyekuwa amechukua nafasi ya mama, akaingia monasteri ya Wakarmeli mwaka 1882, na mtoto yule akawa ameachwa yatima mara ya pili. Teresa mwenyewe aliingia Karmeli tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na miaka 15. Haukupita mwaka, baba yake mpenzi akarukwa na akili, akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bon Sauveur mjini Caen, akakaa huko miaka mitatu. Watu wa mjini walisema waliyoyasema. Wapo walionong'ona kwamba mzee amepata ugonjwa huo kwa sababu binti zake wote wanamkimbia kwenda utawani.

Je, huyo ni msichana aliyelelewa juu ya matandiko ya waridi? Kabla ya kutimiza miaka 20 alikuwa amekwisha kuonja kifo, kuachwa, na fedheha ya ugonjwa ambao hata leo, katika mitaa yetu, watu huuficha ndani ya nyumba.

Sasa tazameni jinsi kitabu chake kilivyotufikia. Teresa hakukaa chini kwa hiari yake kutunga kitabu. Pauline, ambaye utawani aliitwa Mama Agnes wa Yesu na wakati ule alikuwa mkuu wa monasteri, alimwagiza aandike kumbukumbu za utoto wake. Akaandika katika daftari la kawaida la shule mwaka 1895, nyakati za mapumziko. Mwezi Septemba 1896 akaandika kurasa nyingine kwa ombi la dada yake mkubwa, Marie. Sehemu ya mwisho aliiandika Juni 1897, akiwa mgonjwa mahututi wa kifua kikuu, mpaka akaishiwa nguvu, akamalizia kwa penseli. Alifariki tarehe 30 Septemba mwaka huo, ana miaka 24. Mwaka mmoja baadaye, siku ileile, maandishi hayo yakatolewa kwa jina la *Histoire d'une âme*, yaani Historia ya Nafsi, nakala 2,000. Ndani ya miaka michache kitabu hicho kilikuwa kimeenea duniani kote.

Lakini kilichoenea si kile alichokiandika neno kwa neno. Teresa alikuwa amempa Mama Agnes ruhusa ya kusahihisha, naye Mama Agnes aliitumia ruhusa hiyo sana: alibadili maandishi katika maelfu ya mahali, akalainisha, akapunguza, akapamba. Picha nazo hazikusalimika. Dada yake Céline alipoingia Karmeli mwaka 1894 alikuja na kamera yake, na ndiyo maana tunazo picha halisi za Teresa: uso mpana, kidevu imara, macho ya mtu anayejua anakokwenda. Hata hivyo, kwa miaka mingi waamini hawakuonyeshwa uso huo. Walionyeshwa picha zilizopakwa na kulainishwa, na michoro ya Céline yenye uso wa mwanasesere, msalaba na waridi mikononi. Ilikuwa hadi mwaka 1956 ndipo maandishi yake yalipochapishwa kama yalivyotoka mkononi mwake. Kwa muda wa karibu miaka 60 Wakristo walimpenda Teresa aliyerekebishwa.

Siandiki haya ili kumhukumu Mama Agnes. Alimpenda mdogo wake, alitaka watu wampende pia, na bila yeye tusingekuwa na kitabu chochote. Lakini upendo nao unaweza kukosea, na kosa lake ni lilelile letu. Tunaogopa kwamba mtakatifu akionekana ana jasho, usingizi na mashaka, watu wataacha kumheshimu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kanisa linaloficha giza la watakatifu wake halina budi kukutana siku moja na mama aliyekaa kwenye benchi la mbele akiamini kwamba yeye peke yake ndiye aliyeachwa na Mungu.

Tuje sasa kwenye giza lenyewe. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu mwaka 1896, Teresa alipanda kitandani akasikia kitu kinapanda kifuani mpaka mdomoni. Asubuhi alipotazama akaona ni damu. Alifurahi, kwa maana aliona Bwana arusi yu karibu. Lakini katika siku zilezile za Pasaka, siku ambazo sisi huimba Aleluya, roho yake ikaingia katika giza nene. Wazo la mbinguni, lililokuwa tamu kwake tangu utoto, likageuka kuwa vita na mateso. Katika sehemu ya mwisho ya maandishi yake anajifananisha na mtu aliyezaliwa katika nchi ya ukungu, ambaye ameambiwa habari za nchi nyingine yenye jua; na kila anapotaka kuipumzisha roho yake kwa kuikumbuka nchi hiyo, giza linamdhihaki, linamwambia kwamba kifo hakitampa anachokitumaini bali usiku mkubwa zaidi, usiku wa kutokuwepo kabisa. Akifika hapo anasimamisha kalamu. Anaogopa kwamba akiendelea atakufuru.

Ndugu yangu unayesoma, simama hapo kidogo. Huyo ni Mwalimu wa Kanisa. Papa Yohane Paulo II alimtangaza hivyo tarehe 19 Oktoba 1997, mwanamke wa tatu kupewa heshima hiyo baada ya Teresa wa Avila na Katarina wa Siena. Na Mwalimu huyo anatueleza kwamba jaribu hilo halikuwa la siku wala la juma moja. Lilidumu hadi kifo chake. Wenzake waliosoma mashairi yake walidhani anaogelea katika faraja. Yeye akaeleza kwamba anaimba kile anachotaka kukiamini. Aliiandika Kanuni ya Imani kwa damu yake mwenyewe akaibeba kifuani pamoja na Injili. Alikiri kwamba katika mwaka ule alifanya matendo ya imani mengi kuliko katika maisha yake yote yaliyotangulia. Na maumivu ya mwili yalipozidi, aliwaonya waliomwuguza wasiache dawa zenye sumu karibu na mgonjwa ateswaye namna ile.

Sasa nawauliza wale wanaopima imani kwa kipimo cha machozi na mtetemeko wa mwili: huyu mngempa siku ngapi za kufunga? Mngemkemea roho gani? Mngemwambia alete sadaka ya shilingi ngapi ili kifungo kikatwe? Kama mama yangu wa benchi la mbele amekufa kiroho kwa sababu hasikii kitu, basi na Teresa alikufa kiroho, na Kanisa limekosea kumweka altareni. Chagueni moja. Haiwezekani kumvaa shingoni na papo hapo kuhubiri kinyume cha maisha yake.

Tena tazameni alichokifanya ndani ya giza hilo, kwa maana hapo ndipo penye fundisho. Zamani, asema, hakuweza kusadiki kwamba wapo watu wasio na imani. Alidhani wanasema kwa midomo tu kinyume cha wanachokijua moyoni. Gizani alitambua kwamba wapo kweli. Je, aliwalaani? Aliwaita ndugu zake. Alikubali kukaa nao katika meza moja, kula mkate wao wa uchungu, na asiinuke mezani mpaka siku ambayo Mungu mwenyewe atataka, akiwaombea huruma wote pamoja naye. Hakusema "wao", alisema "sisi". Giza lililoweza kumtenga na watu likamfanya dada yao.

Lipo tukio jingine la miaka hiyo ambalo natamani kila mwanajumuiya alijue, kwa sababu ni kama limeandikwa kwa ajili yetu. Mwaka 1885 mwandishi mmoja Mfaransa, Léo Taxil, aliyekuwa ametajirika kwa kulitukana Kanisa, alitangaza kwamba ameongoka. Akaanza kutoa vitabu vya kufichua siri za Wamasoni, hao ambao huku kwetu watu huwaita Freemason: jinsi wanavyomwabudu shetani, jinsi pepo wanavyowatokea mikutanoni. Watu walivinunua kwa pupa. Kisha akaleta habari za mwanamke aitwaye Diana Vaughan, ambaye ati alikuwa kuhani wa shetani katika chama hicho, akaokoka kwa msaada wa Yoana wa Arc. Kumbukumbu zake zilianza kuchapishwa mwaka 1895. Wakatoliki walilia kwa furaha. Baadhi ya mapadre na maaskofu waliusadiki ushuhuda huo. Hata Karmeli ya Lisieux ilishangilia. Teresa alitunga mchezo mfupi uliotokana na habari hizo, akamwandikia Diana, na picha yake akiwa amevaa kama Yoana wa Arc ikatumwa. "Diana" akajibu kwa shukrani.

Tarehe 19 Aprili 1897, Jumatatu ya Pasaka, Taxil aliita mkutano Paris kwamba hatimaye Diana atajitokeza. Ukumbi ulijaa. Aliyejitokeza ni Taxil mwenyewe, akatangaza kwa kicheko kwamba Diana Vaughan hajapata kuwapo, kwamba yote ni uongo wake wa miaka 12, na anawashukuru Wakatoliki kwa wepesi wao wa kusadiki. Na picha iliyoonyeshwa ukutani mbele ya watu wale ilikuwa ile iliyotoka Lisieux. Teresa, mgonjwa, katika giza la imani, aliichana barua ya "Diana" akaitupa kwenye jaa la samadi la bustani ya monasteri.

Wapendwa, je, hadithi hii ni ngeni kwetu? Ni mara ngapi tumepokezana kanda, na baadaye video za simu, za mtu asemaye alikuwa kuzimu, alikuwa Freemason, alikula nyama za watu chini ya bahari, na sasa ameokoka na anaomba mchango? Ni mara ngapi ukumbi wa mtoa ushuhuda wa namna hiyo umejaa, na wiki hiyohiyo Misa ya katikati ya juma ina watu sita? Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayekuja na ushuhuda unaotetemesha ngozi halafu anapitisha kikapu, mchunguzeni kwanza. Tukumbuke pia kwamba hata mtakatifu alidanganywa. Ila tofauti yake na sisi ni hii: ushuhuda ulipobomoka, imani yake haikubomoka, kwa sababu haikuwa imejengwa juu yake. Alitupa barua jaani akarudi kwenye Kanuni ya Imani iliyokuwa kifuani mwake.

Najua mtanijibu. Mtasema, "Padre, je, unapinga miujiza? Teresa mwenyewe hakuponywa kwa tabasamu la Bikira Maria?" Kweli kabisa. Tarehe 13 Mei 1883, akiwa na miaka kumi, kitandani kwa ugonjwa wa ajabu uliowashinda watu, aliiona sanamu ya Mama Maria ikimtabasamia, akapona. Lakini someni na kurasa zinazofuata. Alipohojiwa na watu wenye hamu ya kusikia maajabu, furaha yake iligeuka mateso. Kwa miaka kadhaa alijiuliza kama hakusema uongo. Muujiza haukumpunguzia msalaba, ulimwongezea. Na alipokuwa na miaka 14 alimwombea mwuaji Pranzini, aliyehukumiwa kukatwa kichwa mwaka 1887, akamwomba Mungu ishara moja tu ya toba yake. Akasoma gazetini kwamba dakika ya mwisho mtu yule aliubusu msalaba. Naam, aliomba ishara akapewa. Alipokuwa na miaka 24 hakupewa, akapenda vilevile. Mtoto anayejifunza kutembea hushikwa mkono; anayekua huachiwa. Mungu hamwachii kwa sababu amemchukia.

Wengine mtasema, "Lakini si yeye mwenyewe aliyeahidi mvua ya waridi?" Ni kweli alisema hivyo, na kwamba angependa kuitumia mbingu yake kutenda mema duniani. Siwakatazi novena yake. Mimi mwenyewe huisali. Ninachokataa ni ule ujumbe wa simu unaosema ukimtumia mtu huyu na yule kabla ya saa sita usiku utapata ua na fedha, na usipotuma utapata balaa. Hiyo si ibada, ni hirizi iliyobatizwa. Anayemwomba Teresa ampe ua kama stakabadhi kwamba Mungu amesikia, anamwomba kitu ambacho Teresa mwenyewe alikufa bila kukidai.

Basi, ile "njia ndogo" ni nini? Si utoto wa kudeka, wala si ushauri wa kuokota karatasi sakafuni huku unatabasamu. Teresa alijitazama akaona hawezi kupanda ngazi ndefu ya ukamilifu. Alikuwa ameona lifti katika nyumba za matajiri aliposafiri kwenda Roma mwaka 1887, akatafuta katika Maandiko lifti yake mwenyewe. Akaipata kwa nabii Isaya, pale Mungu anapojifananisha na mama ambebaye mtoto na kumfariji (Isa 66:12-13). Mikono ya Yesu ndiyo lifti. Kwa hiyo mdogo si yule aliye mtamu. Mdogo ni yule asiye na kitu cha kuonyesha, hata hisia njema hana, na bado ananyosha mikono. Yeye mwenyewe alisinzia katika sala kwa miaka, akajifariji kwamba wazazi huwapenda watoto wao hata wakilala. Alikiri kwamba kusali Rozari peke yake kulimgharimu kuliko kuvaa kitu cha malipizi. Alikuwapo mtawa ambaye kila kitu chake kilimchukiza; Teresa akamtendea kana kwamba ndiye ampendaye kuliko wote, hata yule mtawa akamwuliza siku moja ni kitu gani kwake kinachomvutia hivyo. Upendo usiotokana na hisia ndio alioujua, kwa watu na kwa Mungu pia. Papa Fransisko, alipoandika waraka juu yake tarehe 15 Oktoba 2023, aliupa jina kwa neno moja la Teresa, nalo ni matumaini ya mtoto kwa babaye.

Niongeze habari moja inayogusa bara letu. Kanisa lilimtangaza Teresa kuwa msimamizi wa misioni tarehe 14 Desemba 1927, pamoja na Fransisko Ksaveri, ingawa hakutoka nje ya ukuta wa monasteri tangu alipoingia. Alikabidhiwa ndugu wawili wa kiroho wa kuwaombea. Mmoja alikwenda China. Wa pili, Maurice Bellière, alijiunga na Mapadre Weupe, shirika lilelile lililopita Bagamoyo mwaka 1878 kwenda bara na kuleta Injili Tabora, Karema na kando ya Ziwa Victoria. Bellière alikuwa kijana mnyonge, mwenye kuona haya kwa dhambi zake za nyuma, na barua nzuri kuliko zote za Teresa juu ya huruma ya Mungu zimeandikwa kwake. Alipanda meli kwenda Algeria siku moja kabla ya Teresa kufa. Mwaka 1902 alipelekwa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, jirani zetu wa kusini. Je, alifanikiwa? Alirudi Ufaransa akiwa amevunjika mwili na akili, akafa mwaka 1907, ana miaka 33, katika hospitali ileile ya Bon Sauveur alikowahi kulazwa baba yake Teresa.

Mhubiri wa mafanikio hawezi kuieleza habari hiyo. Atauliza: sala za mtakatifu zilikwenda wapi? Lakini sisi tunaomwabudu Aliyesulubiwa tunajua zilikwenda wapi. Teresa hakumwahidi kaka yake ushindi. Alimfundisha kujitupa mikononi mwa Yesu pamoja na udhaifu wake wote. Mtu aliyefundishwa hivyo anaweza kufa ameshindwa machoni pa watu na bado asiwe amepotea.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na wa vikundi vya sala: mtu akija kwenu amefiwa, amekauka, hasikii kitu, msimpime, wala msimtoze. Kaeni naye mezani, kama Teresa alivyokaa. Wenye medali na picha zake nyumbani: tafuteni maandishi yake kamili, msome hasa sehemu ya mwisho, polepole, hata ukurasa mmoja kwa juma. Nasi mapadre: ifikapo tarehe 1 Oktoba, tuyaweke maua kando kwa dakika kumi tu, tuwaeleze watu juu ya usiku wake.

Mama yule nilimsimulia haya yote, si kwa urefu huu. Hakulia wala hakutetemeka. Aliishika medali yake akaitazama kwa muda, kama mtu anayemtambua ndugu aliyepishana naye njiani siku nyingi bila kumsalimu. Akauliza, "Kwa hiyo na yeye alisema na ukuta?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Hadi mwisho. Na upande wa pili alikuwapo anayesikiliza." Sikumwambia kwamba kesho atasikia kitu. Sijui. Najua tu kwamba tangu siku ile amekuja Misa ya asubuhi, anakaa benchi lilelile, na anasema Baba Yetu kwa sauti inayosikika. Kama hiyo si imani, basi mimi sijui imani ni nini.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, utuombee sisi tunaosali gizani. Nawatakieni juma jema lenye baraka. Tumsifu Yesu Kristo!